Mfuko wa Kulia wa Aproni

Wanaume wa ukoo wetu wakianza kubishana kuhusu bastola, nenda ukapike kahawa, anika nguo, rudi, utawakuta palepale. Jumapili ile walikuwa wawili tu nyuma ya nyumba yangu, lakini kelele zao zingetosha mkutano wa siasa. Mmoja alikuwa mume wangu Hobert, shemasi wa kanisa, mtu mpole hadi umgusie ile bastola ya arobaini na tano ya marehemu baba yake. Mwingine ni binamu yangu Arvil, anayeuza silaha katika duka la vifaa kule mjini, na anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Katikati yao, juu ya kiti cha plastiki, alikaa shangazi yangu Delphia, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Yeye ndiye aliyekuwa akichaguliwa bastola, na hakuna aliyekuwa amemwuliza neno.

Nieleze kidogo. Nyumba ya shangazi iko juu kabisa ya bonde letu, mwisho wa barabara, na nyuma yake ndipo yalipo makaburi yetu yote. Alizaliwa humo, akaolewa na Estill, akamzika Estill. Majira ya baridi yaliyopita, akiwa kwenye ibada ya Jumatano, watu waliingia wakitafuta vidonge vya maumivu, uraibu uliozagaa milimani kwetu. Walichukua vidonge vilivyobaki vya Estill, wakabeba na televisheni. Lakini kilichomuumiza si televisheni. Mmoja wao alikuwa amepanda juu ya kitanda kuchungulia kabati la juu, akaacha alama ya kiatu kwenye lile blanketi la viraka alilolishona mama yake. Shangazi alilifua, akalifua tena, alama ikakataa.

Tangu siku hiyo alihamia kwangu, kwenye kochi. Nasema kwenye kochi, sisemi kulala. Alikuwa anakaa wima na taa imewashwa, akisikiliza mbwa wa jirani. Mwanawe Garland, aliye Dayton kule Ohio kama nusu ya watoto wa milima hii, akapiga simu: Siku ya Kupamba Makaburi, ukoo wote unapokutana kufagia makaburi na kula pamoja, atakuja na trela, apakie vitu vya mama yake, nyumba iuzwe. Shangazi akamjibu kwamba akipata kitu cha kujilindia atarudi kwake, na trela litarudi Ohio tupu likipiga mluzi. Garland akasema sawa, tutaona.

Hapo ndipo mabingwa wangu wawili walipojitokeza.

"Hii imepigana vita, shangazi," Hobert alisema, akiifunua arobaini na tano yake kutoka kwenye kitambaa cha flaneli. Kweli ni chuma kizuri, sitakidhulumu. Bapa, nyeusi, mpini wa mbao uliong'arishwa na mkono wa mtu mmoja maisha yake yote.

"Kama imepigana vita basi imechoka, mwanangu. Iache ipumzike."

"Jaribu kwanza. Unavuta huku nyuma, inajikoki."

Shangazi alivuta. Vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi kama mizizi ya tangawizi. Akavuta tena, akaibana kati ya magoti, akavuta kwa kukunja uso. Kile chuma cha juu hakikusogea hata kidogo.

"Usijali," Hobert akasema. "Nitakuwa nakukokia mimi."

"Kila asubuhi? Utapanda bonde lote uje kunikokia bastola, halafu ushuke? Na mwizi nimwambie asubiri shemasi?"

Arvil alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Hobert, wewe mwenyewe huibebi hiyo. Inalala kwenye soksi ndani ya kabati. Ni nzito, ina heshima, na haipo unapoihitaji." Akafungua kiboksi chake. "Shangazi, shika hii. Hii ndiyo ya akina mama."

Ilikuwa rivolva, ile ya silinda inayozunguka, ndogo kama kiganja cha mtoto na nyepesi kama kopo tupu la soda. Tukaziba masikio. Shangazi alielekeza kwenye kopo la maharagwe lililokuwa juu ya gogo, akabana triga. Mlio ulikuwa wa kutisha, lakini kilichonitisha mimi ni uso wake. Kile kichuma chepesi kiliruka na kumpiga teke katikati ya kiganja, akakiachia kikaanguka nyasini, akaukumbatia mkono kifuani. Kopo halikuwa hata na habari.

"Utazoea tu," Arvil akasema.

Shangazi alinitazama mimi, si yeye. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na huyu ni mwanamke aliyemzika mumewe bila kutoa leso. "Nalda," akaniambia, "mpigie Garland. Mwambie alete hilo trela."

Niliwaka. Nakiri nina hasira za karibu, na siombi radhi kwa zile za siku hiyo. Niliwaambia wote wawili wakusanye vyuma vyao waondoke mbele yangu. Hobert nikamwambia anamchagulia shangazi bastola ya baba yake. Arvil nikamwambia anamchagulia ya kwenye tangazo. "Bastola itashikwa na mkono wa nani? Kuna aliyeutazama huo mkono?" Hobert akanywea. Arvil akaanza, "Lakini wanawake wengi wananunua..." nikamwonyesha lango.

Garland sikumpigia. Kesho yake nilimpakia shangazi kwenye gari nikampeleka dukani kwa Arvil. Nilikuta wazee wamesimama kwenye kaunta, wale ambao hununua boksi moja la risasi na kukaa mpaka chakula cha mchana. Nikasema, "Arvil, toa zile kuukuu zote. Zote. Halafu ufunge mdomo."

Akazitoa, akifungua kila moja na kuonyesha kwamba haina risasi, kama inavyotakiwa. Akazipanga juu ya zulia la kijani. Shangazi alizitazama, akatingisha kichwa, akasema, "Macho hayanisaidii hapa." Akayafumba. Kisha akaanza kuzishika moja moja, mtutu umeelekea ukutani, akipima, akigeuza kiganja, akirudisha. Wale wazee wakaanza kucheka.

"Delphia, unachagua bastola au tikiti?"

"Nachagua kama ninavyochagua jembe, Lonzo. Jembe lako wewe alikuchagulia nani, maana halijawahi kugusa udongo?"

Walicheka zaidi, safari hii wakimcheka Lonzo. Nami nikaanza kuona shangazi yangu akirudi, yule wa zamani, anayejibu kabla hujamaliza kusema.

Moja aliishika na hakuirudisha. Ilikuwa rivolva ya zamani ya polisi, ya thelathini na nane, chuma kitupu, mtutu wa wastani, rangi yake nyeusi imelika pembeni kwa kuingia na kutoka kwenye mkoba wa ngozi miaka mingi. Mpini wake ulijaa kiganja chote. Akabana triga kavu, polepole, mara kadhaa. Vidole vyake vilivyopinda viliizunguka kana kwamba vilipindia hapo.

"Hiyo ni nzito, shangazi," Arvil akasema kwa adabu mpya. "Na ni ya zamani. Siku hizi..."

"Ndoo ya maziwa nilibeba nzito kuliko hii tangu nina meno ya utoto. Haina kuvuta nyuma?"

"Haina. Unabana tu."

"Twende tukaijaribu."

Nyuma ya duka kuna tuta la kulengea. Shangazi aliishika kwa mikono miwili, akabana. Uzito ule ule Arvil aliouhofia ndio uliolimeza lile teke. Mikono yake iliinuka kidogo, ikashuka ilipotoka. Karatasi ilikuwa na tundu. Akapiga tena, tundu lingine karibu na la kwanza. Alipomaliza alishusha mtutu, akaifungua silinda, akamgeukia Arvil. "Sasa hii," akasema, "ndiyo ya akina mama."

Arvil alivua kofia. Ana makosa yake, lakini akishindwa anashindwa kiungwana.

Kubeba ndiko kulikotupa kazi. Shangazi havai mkanda, anavaa aproni, kuanzia anapoamka hadi anapolala, hata kanisani, na bibi yetu alikuwa hivyo hivyo, bastola ndani ya aproni siku zote anapokwenda kukamua. Nikamshonea mfuko wa kulia kwa turubai la koti la kazi la Estill, na ndani yake tukaweka mkoba wa ngozi unaoziba triga. Siku ya kwanza nikampa mtihani, bastola tupu: "Shangazi, mwizi huyo!" Akaingiza mkono haraka, akanielekezea peremende.

"Usiniue," nikamwambia.

"Zimekaa mfuko huu maisha yangu yote, Nalda."

"Zihamie kushoto. Kulia hakuingii kitu kingine. Wala kibanio cha nguo, wala leso."

Peremende zikahama. Ilimchukua muda, na watoto wa shule ya Jumapili walipata shida kujua wasimame upande gani. Alikwenda darasa la kibali cha kubeba silaha na akarudi akimlalamikia mwalimu kwamba anaongea mno, lakini nilimsikia akirudia maneno yake jikoni: kidole nje ya triga mpaka uwe umeamua, na ukiweza kuondoka, ondoka. Alimwuliza mchungaji pia, naye akasema anaweza kuja nayo kanisani. Hakujua shangazi angekaa kwa kishindo. Katikati ya sala ya kimya chuma kiligonga benchi, *kong*, mchungaji akafungua jicho moja, na Hobert wangu, aliyekuwa ameshika sahani ya sadaka, akawa mwekundu kama nyanya. "Amina," shangazi akasema kwa sauti, watu wakaitikia.

Jumatatu iliyofuata alirudi kwake. Nilitaka kwenda naye, akakataa katakata. Kesho yake asubuhi nilipanda bonde moyo uko mkononi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba. Yeye alikuwa kibarazani akikung'uta zulia, macho mekundu, aproni imelala upande mmoja.

"Umelala, shangazi?"

"Hata lepe. Lakini nimekesha kwangu." Akanikabidhi fimbo ya kukung'utia. "Usinisimamie kama hakimu, piga zulia."

Basi tukafika Siku ya Kupamba Makaburi, mwisho wa Mei. Garland aliwasili asubuhi na trela lake, kubwa, jeupe, limefunguliwa nyuma tayari kupakia. Mkewe na wajukuu walikuwa wanakuja nyuma na gari lingine. Ni mtoto mwema, Garland, ila hofu humfanya aongee kama bosi.

"Mama, nimesikia umenunua bastola. Bastola si mlinzi. Inaweza kukuletea balaa. Unaishi mwisho wa dunia."

"Hapa ndipo mwanzo wa dunia, wewe ndiye uliyekwenda mwisho."

"Mama, sifanyi utani. Usiku huwa silali nikikufikiria."

Shangazi alimgeukia. Sauti yake ilipotoka haikuwa na mzaha. "Nami nilikuwa silali, mwanangu. Si kwa sababu ya mwizi. Ni kwamba nilikuwa najiona mzigo unaosubiri kupakiwa. Hii haitazuia kila kitu, najua. Lakini niliichagua mwenyewe, na tangu niichague naweza kutembea mpaka kwenye kaburi la baba yako bila kugeuka nyuma." Akapangusa mikono kwenye aproni, upande wa kushoto. "Hilo trela lako ni zuri. Meza za chakula tulikuwa tunazibeba mgongoni mpaka juu. Anza na ile ndefu."

Garland alifungua mdomo. Nilidhani atabisha. Kisha akainama, akashika upande mmoja wa meza, Hobert akashika wa pili. Trela lililokuja kumchukua mama yake likapanda mlima limebeba meza, viti, kuku wa kukaanga, saladi ya viazi na ndoo za maua ya peoni. Tulifagia makaburi, tukaimba, tukala mpaka tukashindwa kuinuka.

Tuliposhuka, wajukuu walikuwa wamejaa kila mahali, wanakimbizana, wanapanda mapaja ya watu. Shangazi alinivuta ndani chumbani. Kitandani lilikuwa limetandikwa lile blanketi la viraka, alama ya kiatu ikiwa palepale, amelitandika hivyo hivyo. Akatoa rivolva mfukoni, akaifungua, akamimina risasi kiganjani mwangu.

"Ifungie kwenye kisanduku cha kufuli kilicho chini ya kitanda, Nalda. Kuna watoto."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka."

Nilipofunga kufuli na kurudi kibarazani, alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, kidevu kifuani, mdomo wazi, anakoroma. Mchana kweupe. Watoto wanapiga kelele, mlango wa waya unabamizwa, mbwa wanabweka, naye hana habari. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa turubai, na mfuko ulikuwa mtupu.

Garland alikuja na sahani ya keki, akataka kusema kitu, akaona. Aliketi taratibu kwenye ngazi, chini ya miguu ya mama yake. Mtoto mmoja alipokuja mbio akipiga mayowe, akamdaka kiunoni.

"Shhh," akamwambia. "Bibi amelala."