Aisii Tisa Zisizo na Namba

Hofu haina akili, na hofu ya Elisaria, fundi redio wa Kariakoo, ilikuwa ya kijinga kuliko zote. Mwaka themanini na tatu, msako wa walanguzi ulipopamba moto, Lalit mwenye duka la vipuri alichukuliwa mchana kweupe mbele ya wanawe kwa kukutwa na katoni za betri chini ya kitanda. Elisaria aliona kwa macho yake. Alirudi kibandani kwake, mtaa wa pili tu kutoka pale, akafunga mlango, akatoa kopo la maziwa ya unga alimoweka aisii zake, akaanza kuzisugua mgongo kwa msasa.

Aisii ni kidude cheusi cha miguu minane, ukubwa wake kama punje ya hindi. Ndani ya pedali ya gitaa, kile kisanduku ambacho mpigaji hukikanyaga, ndicho kinachoikuza sauti. Namba yake huandikwa mgongoni, na namba ikifutika, zote ni watoto wa mama mmoja.

Alikuwa nazo tisa. Sita zilikuwa 741, alizozinunua kwa halali duka la umma, na risiti yake yenye mhuri aliitunza kama cheti cha ubatizo. Tatu zilikuwa 4558, alizopewa na Lalit, na hizo zilivuka mpaka uliofungwa zikitokea Nairobi ndani ya kopo la poda. Ile 741 inafanya kazi, ndiyo, ila inakoroma. Kila ukipiga noti unasikia shshsh nyuma yake. Ukiweka 4558, unasikia gitaa peke yake.

Moja ya hizo tatu alikwisha kumwahidi Wilbert, mpiga solo wa bendi moja ya Magomeni. Bendi ilikuwa inakwenda kurekodi Jumamosi, na kiongozi wao alikuwa amesema wazi kwamba pedali ikiendelea kukoroma, solo atapewa mwingine.

Mtu mwenye utulivu angefuta zile tatu tu. Lakini Elisaria aliwaza kwamba tatu zenye vipara katikati ya sita zenye namba zingejisema zenyewe, kwa hiyo akazikwangua zote tisa. Wazee walisema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Kunguru wetu huyu alijinyonyoa manyoya kwa mkono wake.

Asubuhi Wilbert alipofika na gitaa lake, ilibidi fundi akiri kwamba hajui tena ipi ni ipi. Hata hivyo njia ya kuzitambua ilikuwapo. Umeme wa 741 unaingia kwenye mguu wa saba, wa 4558 unaingia kwenye mguu wa nane. Soketi ya pedali ilikuwa imefungwa nyaya za 741, kwa hiyo itakayokoroma ni 741, na itakayokaa bubu ndiyo wanayoitafuta. Akishaipata atabadilisha nyaya. Alikuwa ameshika ya kwanza mkononi mlango ulipogongwa.

Waliingia mgambo wawili na mkubwa wao mwenye suti ya Kaunda. Walipekua chini ya meza, ndani ya redio mbovu, hata kwenye chungu cha maharage. Mkubwa yule alisimama juu ya kopo, akaitaka risiti, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Risiti inasema sita, ndugu. Hapa zipo tisa, na zimekwanguliwa. Kwa nini?"

Elisaria alisema mafundi hufuta namba ili wenzao wasiwaibie ufundi. Wapo waliofanya hivyo kweli, lakini ukweli ule ulimtoka kwa sauti ya mbuzi aliyefungwa kwenye mlango wa bucha. Mkubwa akamwambia amwonyeshe zile sita za risiti.

Basi akaanza kuzichomeka moja moja, na Wilbert akipiga noti ileile kila mara. Ya kwanza ilikoroma. Elisaria hakuwahi kuupenda mkoromo namna ile. Ya pili nayo ikakoroma. Ya tatu ikawa bubu.

"Hii je?"

"Mbovu, ndugu."

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye vidole. Hadi mwisho zikapatikana sita za kukoroma na tatu bubu. Mkubwa akauliza mbovu anaziweka za nini. Elisaria akajibu kwamba fundi hatupi kitu.

"Nchi haijengwi kwa vitu vibovu," mkubwa alisema. "Zivunje."

Nyundo ilikuwa pale pale mezani. Alivunja ya kwanza, akavunja ya pili. Wilbert akaweka kiganja chake juu ya ile ya tatu.

"Fundi, labda hii ingefaa kitu."

Mgambo wote wawili wakageuka kumtazama. Elisaria aliona gereza la Keko, akaona Lalit anavyosukumwa garini na wanawe wakilia.

"Mbovu, Wilbert," alisema. "Toa mkono."

Wilbert akautoa. Nyundo ikashuka.

Mlangoni mkubwa yule alimrudishia risiti, karibu kwa urafiki. Alisema wao wanatafuta betri, sukari na sabuni, na vidude vile hata namba zake asingezijua. Asingevitazama mara mbili. Kilichomvuta ni ile migongo iliyokwanguliwa.

Walipokwisha kuondoka, Elisaria alianza kusema kwamba Lalit akiachiwa huenda akapata nyingine. Wilbert aliifunga pedali yake ikiwa na 741 ndani, akalitia gitaa kwenye mfuko, akatoka bila kuaga. Elisaria alibaki mezani na vumbi jeusi mbele yake. Alikuwa huru, na alifurahi kuwa huru, na aibu ya furaha ile haikumruhusu kuinua uso mlango ulipojifunga.