Chungu cha Pili

Mama Asteria alikuwa mpika pombe ya mtama pale Nyarugusu, na miaka yote alifuata desturi: mpishi huonja kwanza, mbele ya watu, ndipo wengine wanywe. Hakuna mchimbaji mwenye akili timamu anayegusa pombe ambayo mwenyewe hajaigusa. Naye alionja kwelikweli, kata nzima ya kibuyu, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga, na uwanja ukachangamka.

Mumewe alishazikwa. Binti yake wa pekee, Asteria, ameolewa Nkome huko ziwani kwenye dagaa, hupiga simu akikumbuka. Kwa hiyo msimwonee mama wa watu kwa kusema alipenda biashara. Alipenda watu. Jioni wachimbaji walipotoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na kukaa kwenye magogo yake wakibishania mpira, ndipo alipojiona naye yumo duniani.

Kisha daktari wa Geita akamwambia ini limechoka, pombe basi. Alirudi nyumbani na mawazo tele. Akiacha kupika, nani atakuja? Na akisema anaumwa, nani atakunywa pombe ya mgonjwa? Akanyamaza, akabuni lake. Alipokwisha kuchuja pombe ya kwanza, ile nzito inayoangusha vijana, hakuyapeleka machicha kwa nguruwe wa jirani. Aliyamwagia maji ya moto, akakoroga, akachuja tena kwenye chungu kidogo. Kilichotoka kilikuwa chepesi, hakimleweshi hata kuku. Hiki, alijiambia, daktari hakukitaja. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumamosi uwanja ulijaa. Alionja kutoka chungu kidogo, halafu akachota kwenye kile kikubwa, akampa Mabula, mteja wake wa siku nyingi. Mabula aliishika kata bila kunywa.

"Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, "mbona chako kile na chetu hiki?"

"Pombe ni ileile, baba. Mtama mmoja, kimea kimoja."

"Kama ni ileile, si unywe hii."

Alicheka, akasema ameshiba. Lilikuwa jibu baya. Mabula aliiweka kata chini polepole, akasema amekumbuka ana mgeni nyumbani. Wenzake nao wakakumbuka wageni wao. Jioni ile Nyarugusu nzima ilikuwa na wageni, isipokuwa kwa Mama Asteria.

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Watu walimpa shikamoo kutoka barabarani bila kupunguza mwendo. Usiku alikula ugali amesimama, maana kuketi peke yake mbele ya magogo yale matupu kulimuuma kuliko ini.

Aliyemwonea huruma ni Cornel, kijana aliyewahi kuchimba na marehemu mumewe. Jumamosi ya tatu alikuja na wenzake wanne.

"Shikamoo, Mama Asteria."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni!"

"Tumekuja. Ila leo tupe kile unachokunywa wewe."

Aliwapa kwa furaha. Walikunja nyuso, wakasema haya ni maji ya kuoshea vyombo, wakacheka, wakanywa hivyo hivyo mpaka chungu kidogo kikakauka. Mama Asteria alicheka nao hadi machozi. Ndipo Cornel akainuka, akachota kata kutoka chungu kikubwa, akamletea kwa mikono miwili.

"Haya, mama. Tuanzie."

Nje ya ua aliona Mabula amesimama, anatazama. Alimkumbuka daktari. Akaukumbuka na ule uwanja alioufagia mara mbili.

Aliipokea kata akainywa yote, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga.

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele na makofi. Mabula aliingia, akaomba radhi, eti siku ile alikuwa anamtania tu, akatafuta pa kukaa.

"Sasa wiki ijayo pika chungu kimoja tu, mama," Cornel alisema. "Kile kidogo cha kazi gani?"

"Kimoja kinatosha," alijibu Mama Asteria, akasogea kwenye gogo ili Mabula apate nafasi.