Tangazo la Kupona kwa Mbinya

Mbinya alifika mtaroni wanawake wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi za shamba, wakiwa wameshaanza kuchimba. Akaketi chini ya mgunga alipozoea kuketi. Kabla ya ugonjwa, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo ili majembe yashuke pamoja. Siku hizi hakuna aliyemwomba aimbe, na yeye mwenyewe hakukumbuka kutaka.

Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa pili, na mahindi ya msaada hapo Zombe yalitolewa kwa aliyechimba tu. Mbinya aliruhusiwa kupata bila kuchimba, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na alilala akiegemea mito. Chini ya mfupa wa bega la kushoto, ndani ya ngozi, alikuwa na kimashine kama kiberiti, ambacho madaktari wa Nairobi walimwekea mwaka uliotangulia ili kisukume mapigo.

Balaa ilianzia kanisani. Aliporudi Nairobi kupimwa, daktari aliisikiliza mashine, akasema iko sawa kabisa, akaita mgonjwa mwingine. Hakumwuliza Mbinya kama yeye yuko sawa. Angeulizwa, angesema kwamba tangu siku ile alipowekewa mashine hasikii furaha wala huzuni, na kwamba mjukuu alipozaliwa alimpakata kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo. Nyumbani alimwambia mchungaji kwamba mashine iko sawa, na mchungaji, mtu wa imani ya haraka, akatangaza Jumapili kwamba Mbinya amepona. Watu wakapiga makofi. Mbinya akasimama, akaombewa, akaketi. Kumsahihisha mchungaji kulitaka nguvu ambayo hakuwa nayo.

Musyoka, naibu wa chifu, alikuwa ameketi kiti cha mbele.

Basi asubuhi hii alikuja na fimbo yake ya kupimia mitaro, akasimama mbele yake pale kivulini.

"Mama, si wewe ulipona? Nilisikia na masikio yangu. Shika jembe, ama usingoje lori la mahindi."

Mbinya wa zamani angemjibu mpaka atafute pa kujificha. Huyu aliinuka tu, akaokota jembe lililokuwa limelazwa kando, akashuka mtaroni. Alipiga ardhi, akapiga tena. Pumzi ikamkatika, jasho la baridi likamtoka, naye akaliinua jembe mara nyingine. Ni huko kutogombana kulikomtisha Kaluki, jirani yake wa miaka mingi, aliyekuwa akichimba karibu. Alikuja akaushika ule mpini.

"Mbinya, unataka kufa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mbinya alifikiri kidogo.

"Sijui. Siogopi. Sisikii kitu, Kaluki. Tangu waniwekee hii mashine, hakuna mtu ameniuliza."

Kaluki akalia. Mbinya alimtazama akilia, akajua kwamba analiliwa yeye, akamwonea wivu.

Kaluki alitupa majembe yao yote mawili juu ya tuta, wakaketi pale kwenye udongo uliochimbuliwa. Musyoka akawaambia kwamba atakayeketi hapati mahindi, awe mgonjwa awe mzima. Kaluki akasema amesikia. Wale wengine waliendelea kuchimba. Nao walikuwa na watoto nyumbani, huwezi kuwalaumu.

"Watoto wako watakula nini?" Mbinya aliuliza.

"Niambie kwanza vile unasikia. Ya kula tutaona."

Mbinya akaanza kusema, polepole, bila chozi. Alikuwa bado anasema wakati Musyoka alipofika akipima kazi ya siku. Alipowafikia aliinua fimbo, akawaruka wote wawili bila kuwahesabia kazi, akaishusha upande wa pili na kuendelea kupima.