Wodi Isiyoangusha Mtu

Baba alikuwa fundi rangi, mtu wa ngazi. Alishaanguka mara nyingi, akainuka akijipangusa vumbi na kutuambia ardhi inamfahamu. Alipolazwa kwa homa ya mapafu, mimi na mama hatukuomba makubwa: apone, arudi nyumbani kwa miguu yake.

Wodi ile ilikuwa ikipimwa. Kila asubuhi waliandika kwenye ubao wa mlangoni siku zilizopita bila mgonjwa kuanguka, maana hicho ndicho kipimo walichopewa cha uuguzi bora. Wauguzi wenyewe walikuwa wawili kwa wodi nzima. Wangemshika nani mkono, wamwache nani? Basi wakaona heri nusu shari kuliko shari kamili: vyuma vya pembeni mwa vitanda vikapandishwa, wazee wakaambiwa walale tu.

Homa ikaisha. Nikaomba baba atembezwe, hata hadi dirishani. Muuguzi wake, binti mpole aliyekuwa akimnyoa ndevu, akanisihi nisubiri wakaguzi wapite, hesabu isije ikaharibika. Damu ilinichemka. Nikashusha chuma mwenyewe, nikamwambia baba ateremke. Baba akakipandisha tena.

"Nikianguka atasemwa yule mtoto," akasema.

Nikamtania kwamba kumbe siku hizi ameajiriwa hospitali. Akacheka. Mimi machozi yalikuwa yananilenga, kwa sababu suruali ilikuwa inampwaya mapajani kama ya kuazima.

Wakaguzi walikuja, wodi ikasifiwa. Baba akaandikiwa kwamba amepona, na kwa upande wa mapafu ilikuwa kweli. Wakambeba hadi kwenye gari. Yule binti alitusindikiza, akashindwa kututazama usoni, na hasira yangu yote ikakosa wa kumwangukia.

Nyumbani tulimtandikia kitanda kisicho na vyuma. Kila asubuhi tulimkalisha ukingoni, mimi nikamshika kwapani, mama akasimama mbele yake amenyoosha mikono, wakaangaliana kama wachumba. Miguu ilitetemeka, ikakataa. Wiki zikapita, ikaendelea kukataa. Mama akaacha kuifuta vumbi ngazi iliyoegemea ukuta wa uani.

Asubuhi moja baba aliitazama sakafu, akaniuliza, "Mwanangu, nikianguka hapa, kuna anayehesabu?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi niachieni."

Mimi na mama tukazidi kumshika.