Taji la Jino kwa Jina la Marehemu

Gego la chini kushoto lilivunjika siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, wakati wa mapumziko ya chai, mpiga pasi alipouma ukoko wa mkate. Alitema kipande kiganjani, akakitazama, akakifunga kwenye leso, akarudi kwenye mashine. Kiwanda kilifua mashuka ya hospitali mbili na hoteli moja, na siku hiyo yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Ilipofika saa ya kutoka, shavu lake lilikuwa limeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Daktari wa meno, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, aliligonga jino kwa kijiti cha chuma, na mpiga pasi akaruka kitini.

"Mzizi ni mzima," alisema daktari. "Likivikwa taji mapema, utalitafunia mpaka uzeeni. Likikaa hivi litapasuka hadi chini, na hapo ni kung'oa tu."

"Taji?"

"Kofia ya jino. Ngumu, rangi ya meno yako mwenyewe. Nenda bima wakupe kibali."

Akamzibia kwa muda, na ile dawa ya kuzibia ilidondoka usiku huohuo.

Kwenye ofisi ya bima alielekezwa dirisha la tatu. Karani wa hapo alikuwa mtu mpole aliyevaa miwani kwenye paji la uso na kusoma bila kuishusha.

"Mataji ni baada ya miezi kumi na miwili ya uanachama," alisema. "Wewe una minne."

"Kaka, mimi nakatwa mwaka wa tisa huu."

"Mwajiri wako alibadilisha mpango. Mpango ukibadilika, mtu anaanza moja."

"Sikuubadilisha mimi."

"Najua, dada. Ndiyo maana nakueleza taratibu."

Aliendelea kubonyeza, kisha akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Kwenye anwani hiyohiyo, alisema, kulikuwa na mwanachama mwingine, mwenye uanachama wa miaka thelathini na miwili, ambaye makato yake hayajaruka hata mwezi mmoja. Huyo alikuwa na haki ya taji moja kila mwaka, na hajawahi kulichukua.

"Huyo ni mama yangu," alisema mpiga pasi. "Alifariki miaka sita iliyopita."

"Mfumo unasema yupo."

"Nilileta cheti cha kifo. Mara mbili."

"Navyo naviona hapa vyote viwili. Ila kumtoa mwanachama kunahitaji fomu ya kujitoa, na fomu inasainiwa na mwanachama mwenyewe." Karani alikuna kidevu. "Mwambie aje na kitambulisho. Tutamhudumia siku hiyohiyo."

Mpiga pasi alishukuru akaondoka. Angemwona mama yake Jumamosi.

Mama alikuwa akija kila Jumamosi saa tatu asubuhi, Baba akishamaliza kunyoa ndevu. Alipokuwa hai hakupenda kutembea gizani, na hilo halikubadilika. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akafuta miguu ingawa haikuacha alama, akakaa kwenye kigoda na kuomba kikombe cha chai ya kushika. Hakunywa. Alikishika mpaka kikapoa, huku akilaumu jinsi watu wa siku hizi wanavyopiga pasi foronya. Mashine aliyokuwa akiifanyia kazi binti yake ilikuwa yake kwa miaka ishirini na sita.

Jumamosi hiyo aliliona shavu kabla hajakaa.

"Nani kakupiga?"

"Jino, mama."

Akaelezwa yote: ukoko, kofia, dirisha la tatu.

"Na wewe bado wanakukata," Baba aliongeza. "Kwenye pensheni yangu, kila mwezi. Nimewafuata mpaka soli zimeisha."

Mama alikiweka kikombe chini.

"Lete hilo jino nikushikie," alimwambia binti yake.

Alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kumpokea mkoba akitoka shule. Mpiga pasi akafungua kinywa. Mama akaingiza vidole viwili, baridi kama bomba la maji, akalitoa jino pamoja na mizizi yake bila tone la damu, akalitia kinywani mwake, chini kushoto, penye pengo alilokuwa nalo tangu mimba yake ya pili. Akafunga mdomo. Mara akashika shavu kwa mikono miwili.

"Linauma?" aliuliza mpiga pasi.

"Linauma," alisema Mama, machozi yakimtiririka. "Linauma kweli kweli! Miaka sita sijahisi hata baridi."

Baba alivuta kiti akakaa karibu naye. Mpiga pasi alipitisha ulimi kwenye pengo lake jipya. Palikuwa laini, pametulia. Alikuwa amekwisha kusahau jinsi kichwa kinavyokuwa chepesi mtu asipoumwa. Alikwenda kulala saa nne asubuhi, akaamka kesho yake.

Jumatatu walikwenda bima, na kibali kilitoka kwa dakika kumi na mbili. Kwa daktari, msaidizi wa mapokezi alijaza kadi.

"Umri, mama?"

"Sitini na nne."

"Wa sasa au wa wakati ule?"

"Haujaongezeka."

Daktari alipiga picha ya jino. Ilionyesha gego moja tu, limesimama peke yake katikati ya weusi, bila taya wala jirani. "Safi sana," alisema daktari. "Mara nyingi meno mengine hunizuia kuona." Alipochukua sindano ya ganzi, Mama akaisukuma pembeni.

"Mgonjwa hataki?" aliuliza daktari.

"Mwache," alisema mpiga pasi. "Anayafaidi maumivu."

Jino lilichongwa, likachukuliwa umbo, na taji likaagizwa. Lingechukua wiki mbili. Kwa wiki zote mbili Mama hakurudi alikotoka, kwa sababu mtu anayeumwa jino hawezi kusafiri. Alikaa jikoni, akilalamika. Baba alimchemshia maji ya chumvi ya kusukutua, akaambiwa ni ya moto mno, akayapooza, akaambiwa yamekuwa maji ya kisima. Jioni moja walinuniana kuhusu dirisha lililoachwa wazi, na Baba akaenda kulala akipiga mluzi.

Taji lilipofungwa, daktari alimwambia Mama aume karatasi, akakwangua kidogo, akamwambia aume tena. Maumivu yakaisha. Nyumbani, mpiga pasi alikaa mbele yake akafungua kinywa.

"Kesho," alisema Mama.

Hakuna aliyembishia. Usiku ule alibaki kwenye kiti, akigonganisha meno polepole ili asikie lile taji. Kulipokucha alilitoa, akalisuuza, akalirudisha kwa binti yake, akalisukuma kwa kidole gumba mpaka likakaa. Kisha akavaa viatu.

"Tafunia upande huo," alisema. "Usilionee huruma."

Mpiga pasi alitafuna. Alikula mkate, ukoko na vyote, akamaliza, akakata kipande kingine. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na hakuwahi kujua kwamba kutafuna pande zote mbili kunaweza kumchekesha mtu peke yake mezani.

Mwisho wa mwezi ilikuja barua ya bima. Ilimpongeza Mama kwa kutumia huduma na kumtakia afya njema. Ilieleza pia kwamba, kwa kuwa sasa ni mwanachama anayetumia huduma, makato yake yangepanda kuanzia mwezi ujao. Nyuma yake ilibanwa fomu ya kujitoa. Jumamosi Mama aliisoma kwa makini na kikombe mkononi, akaikunja mara nne.

"Nitasaini siku nyingine," alisema. "Una meno ishirini na saba bado."

Jumatatu kiwandani mpiga pasi alikuwa akikunja mashuka na mwenzake, mwanamke mrefu wa zamu ya asubuhi, kila mmoja ameshika pembe mbili. Mwenzake alikuwa amefunga kitambaa kidevuni. Gego la juu lilikuwa limepasuka, na dirishani aliambiwa ana miezi mitano. Akataka kujua mpiga pasi amefanyaje mpaka anakula karanga.

Mpiga pasi alimweleza yote, tangu mwanzo. Yule mwenzake alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mimi wazazi wangu wote wawili wako hai," alisema.

"Pole sana, shoga," alisema mpiga pasi, na wakalivuta shuka mpaka likanyooka.