Ziwa Lililosikika kwa Meno

Tangu homa ya Oktoba, Reuben alikuwa akicheka pale wenzake walipocheka na kukunja uso pale walipoukunja, na mpaka Januari hakuna aliyemshtukia. Usaha ulimtoka masikioni wiki mbili, ukakauka, na ulipokauka dunia ikawa imemfungia mlango. Mtu akimpigia kelele, yeye aliambulia mvumo tu, kama wa mtu anayesemea ndani ya pipa. Yaliyobaki aliyasoma midomoni.

Mkewe Zillah hakuambiwa, na sababu ilikuwa moja. Miaka miwili nyuma jirani yao mmoja, mzito wa masikio, alizama na mbwa wake wawili kwenye barafu iliyokuwa ikipasuka kwa sauti ya kumwamsha maiti. Siku ya mazishi Zillah alisema mbele za watu: "Na wewe Reuben, siku masikio yakikuishia tunakunja hema, tunakwenda kukaa kijijini kwa binti yako. Sitakuja kukuopoa kwa ndoana mimi." Zillah akisema kitu, amesema. Reuben alikuwa na miaka sitini na sita. Kijijini kulikuwa na kiti laini kinamngoja kando ya televisheni, na alikiogopa kile kiti kuliko alivyoyaogopa maji.

Asubuhi hiyo ya baridi ya kukausha pumzi, Silas, mdogo wake Zillah, aliwasili kwenye hema lao porini na pikipiki ya theluji kutoka kijijini. Walikuwa wamepatana kwenda kutega kwenye nyumba kubwa ya mabiva, wale wanyama wa majini wanaoangusha miti kwa meno, katika ziwa refu. Reuben ndiye mwangalizi wa ardhi ile, na kwa Wakrii, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, mwangalizi ndiye anayesema wapi patategwa na wapi patapumzishwa. Nyumba ile aliipumzisha miaka minane. Sasa mabiva walikuwa wengi, miti ya ukingoni imelala chini kwa meno yao, na wakati ulikuwa umefika wa kuchukua wawili watatu wenye manyoya mazito na kuwaacha wengine waendelee kuzaa.

"Shemeji!" Silas alifoka kabla hata hajashuka. Alikuwa na mdomo mpana, rahisi kusomeka, na Reuben alimshukuru Mungu kwa mdomo ule. "Dada yangu anakulisha nini? Umenona kama biva! Mimi leo nisipopata kitu nakuchuna wewe."

"Ngozi yangu imejaa viraka, nani ataivaa? Beba mtaimbo wako twende."

Kazi yenyewe ni ya masikio. Wakati wa baridi biva haonekani juu hata kidogo. Ana nyumba yake ya vijiti na matope, na ana njia alizochimba chini ya kingo, anazopita akienda kula matawi aliyoyaficha majini. Ukitaka kuzijua unatembea ukingoni ukigonga barafu kwa mtaimbo. Penye ardhi barafu hujibu kizito, penye njia hujibu kitupu. Hapo ndipo unapochimba na kuteremsha mtego. Asiyeisikia tofauti hiyo anaweza kutoboa ziwa zima asipate hata unyoya. Na katika nchi yote ile, aliyesifika kwa masikio alikuwa Reuben. Walisema humsikia biva akijikuna.

Akagonga. Kimya. Akasogea hatua tatu, akagonga tena, akaambulia mtikisiko mdogo wa mpini na basi. Alijikaza kisabuni, akainamisha kichwa kama zamani, akajifanya anasikiliza. Kisha akaamua kutumia macho. Palikuwa na kona ya ukingo yenye vichaka vilivyotafunwa, akasema, "Hapa." Wakachimba barafu hadi bega likazama shimoni, wakakuta tope lililoganda.

"Shemeji, leo tunatega minyoo?" Silas akacheka mpaka akashika mbavu.

Shimo la pili, tope. Silas akauliza kama masikio ameyasahau hemani, na Reuben akacheka naye. Shimo la tatu liliwachukua nusu saa, na lilipofika mwisho lilikuwa na mwamba. Safari hii Silas hakusema neno. Alifuta barafu kwenye masharubu, akatazama miti.

Hapo Reuben akaogopa kwelikweli. Kwa miaka thelathini na minane shemeji huyu hakuwahi kuacha kumtania, hata msibani. Mtu kama huyo akinyamaza, anakuonea huruma, na huruma ile ingefika hemani kabla ya jua kuzama.

Kamba ya glavu ya Reuben ilikuwa imefunguka. Ili apate mikono miwili ya kuifunga, akauuma mpini wa mtaimbo, ule mti wa juu, ncha ya chuma ikiwa imesimama kwenye barafu. Silas naye, hatua kumi kutoka pale, alikuwa akigonga ovyo ili apate joto.

Ziwa likaingia kichwani mwa Reuben.

Halikupitia masikioni. Lilipanda kwenye mpini, likapita menoni, likamjaa fuvu. Alisikia pigo la Silas kama kengele. Nyuma ya pigo alisikia ufa ukitoka upande wa mbali kabisa wa ziwa, ukija mbio chini ya theluji, ukapita chini ya miguu yake na kwenda zake. Alisikia maji yakipumua chini ya barafu. Na chini zaidi, upande wa ile nyumba ya vijiti, alisikia mkwaruzo mdogo wa haraka haraka: mwenye nyumba yuko kwake, anakula. Kisha ukaja mlio mwembamba wa watoto wanaogombania nafasi.

Hata enzi za masikio yake mazima hakuwahi kusikia hayo. Alikuwa ametembea juu ya ziwa hili tangu utotoni akidhani limelala. Akapiga magoti bila kuachia mpini, na machozi yakamgandia kwenye kope.

Silas alimjia mbio. "Shemeji! Moyo?"

Reuben alimtazama. Angeweza kusema ni moyo, au ni jino. Wangerudi hemani wakanywa chai, na siri ingebaki siri yake. Lakini chini yao kulikuwa na watu wa maji wanaishi maisha yao, na yeye alikuwa amewasikia, na uongo ukamshinda kuutoa mdomoni.

"Silas, masikio yangu yamekufa," alisema. "Tangu Oktoba. Yale mashimo matatu nimekuchimbisha kwa kubahatisha."

Mdomo mpana ulibaki wazi. "Dada anajua?"

"Hajui."

"Atakuua."

"Ndiyo maana hajui. Sasa nenda ukagonge pale. Polepole, hatua kwa hatua. Mimi nitauma mpini, ziwa nalisikia kwa meno."

Silas akaenda, akigonga na kugeuka kumtazama mzee mzima aliyepiga magoti na mti mdomoni. Pigo zito. Zito. Zito. Kisha tupu, tamu, kama ngoma. Reuben akainua mkono juu. Wakachimba, na barafu ilipotoboka maji meusi yakapanda yakitokota viputo, na pembeni ikaonekana njia laini iliyosuguliwa na matumbo ya miaka mingi.

Walipomaliza kuteremsha mitego, Silas alisimama akikanyagakanyaga. "Hebu nipe na mimi," akasema. Akauuma mpini, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kwa mtu ambaye hajawahi kufunga mdomo.

"Shemeji," akasema alipouachia, na hakukuwa na utani usoni. "Kuna watoto mle."

"Watano, nadhani. Hao tunawaacha."

Hadi saa nane mchana walikuwa na mabiva wawili wakubwa. Reuben aliwalaza chali juu ya theluji, akawapangusa maji kwenye manyoya kwa kiganja, akawashukuru kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Zillah alikuwa hemani, amekalia matawi ya msonobari, kisu tayari. Alifurahia manyoya, akayapuliza kuona urefu wake. Reuben hakungoja Silas afungue mdomo. Alimwambia yote, tangu homa hadi yale mashimo. Zillah alimsikiliza, kisha akageuka kabisa, akawapa mgongo, akaanza kukunja mablanketi. Mabega yalikuwa yakitikisika, maana yake alikuwa akisema, na mumewe hakupata hata neno.

Basi anakunja hema. Reuben alitoka nje, akarudi na mtaimbo. Akaizungushia ncha kitambaa, akamwelekezea mkewe kifuani.

"Na hiki ni nini tena?" Zillah aligeuka. "Unataka kunitoboa?"

"Kamata, dada," Silas alisema. "Weka kwenye mfupa wa kifua, useme. Nakuomba."

Zillah alikamata kwa hasira. Reuben akauma mpini.

"Miezi mitatu!" Sauti ilimjaa kichwani, nene, yenye mikwaruzo yake yote, karibu kuliko alivyopata kuisikia hata walipokuwa vijana. "Miezi mitatu nakutukana kila asubuhi kwa sababu ya kuni, nikidhani unanivumilia! Kumbe nimetukana bure!"

Silas alijiangusha chini kwa kicheko. Reuben hakucheka. Alishikilia mti kwa meno na kwa mikono miwili, na Zillah, alipomwona macho, akashusha sauti.

"Unanisikia?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Zillah akatazama mablanketi, akatazama wale mabiva wawili. "Barafu huitembelei peke yako tena. Umesikia hilo? Kesho nakwenda na wewe, nitagonga mimi. Huyu Silas anagonga kama anaua nyoka."

Silas alilalamika kutoka chini. Zillah hakumjali. Aliukandamiza mtaimbo kifuani kwa viganja viwili, akaanza kumweleza mumewe habari za Novemba, na za Desemba, nani aliugua, nani alimzaa nani, mbwa yupi aliiba samaki. Chai ilichemka ikamwagikia jiko. Reuben aliendelea kuuma mpini, kwa sababu mkewe hakuwa amemaliza.