Ajibu Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita mumewe Fundi, na yeye, kwa sababu ya mumewe, wakamwita Bi Fundi. Walikuwa wageni, ila wageni waliozoeleka. Lugha ya huku ilikuwa ile ile ya kwao. Lafudhi tu ndiyo iliyowafichua kila walipofungua mdomo sokoni. Walihamia baada ya Fundi kustaafu kazi ya mabomba katika idara ya maji. Kule kwao pensheni yake ilimezwa yote na kodi ya nyumba. Huku iliwapatia vyumba viwili, baraza la kuotea jua, na nyama mara moja moja.

"Tutazeeka kifalme," Fundi alisema siku walipofika, akinyoosha miguu barazani. Kwa miaka kadhaa ilikaribia kuwa kweli.

Kisha akili yake ikaanza kuvuja. Ilivuja polepole, hivyo kwamba Bi Fundi hakuweza kusema ilianzia wapi. Leo alisahau njia ya dukani, kesho alikumbuka mtaro aliouzibua ujanani na kuusimulia hadi usingizi ukamchukua.

Nchi ile ilikuwa na sheria moja kuhusu wageni waliostaafu. Kila mwaka mwenye pensheni alipaswa kufika ofisi ya uhamiaji, aulizwe anaishi wapi na kama anataka kuendelea kukaa, na ajibu mwenyewe. Kibali kilikuwa cha Fundi. Mkewe aliishi kwa mgongo wake. Miaka iliyotangulia walikwenda wakicheka kama watu wanaokwenda kupiga picha. Mwaka huu Bi Fundi alikuwa na roho mkononi.

Akawa anamfanyisha mazoezi, hasa wakati wa kumnyoa, maana hapo Fundi alitulia.

"Unaishi wapi?"

"Hapa hapa, kwa mama mwenye nyumba mkali."

"Unataka kuendelea kukaa?"

"Kwani nimefukuzwa?"

"Jibu vizuri, Fundi."

"Nataka. Nikakae wapi tena?"

Bi Fundi alifuta povu shavuni pake na kumbusu palipobaki pameloa. Labda wangevuka.

Asubuhi ya siku yenyewe alimtolea suti ya kijivu. Fundi aliivaa kwenye sherehe ya kumuaga kazini, akaivaa tena siku ya safari ya kuja huku, kisha ikakaa kabatini. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia uani, akasimamisha ufagio.

"Shemeji! Umependeza mpaka natamani kukupandishia kodi!" Halafu akamvuta Bi Fundi pembeni. "Shoga, mwache na shati lake la kila siku. Amelizoea."

"Nimpeleke serikalini na shati lililopauka? Watasema simtunzi."

"Mimi nimesema tu."

Fundi alikuwa amesimama mbele ya kioo, mabega yamenyooka. Bi Fundi alimwona yule mwanamume aliyemwoa, moyo ukamtulia, na kwa kuwa ulitulia hakuangalia zaidi.

Njiani Fundi aliuliza, "Mizigo iko wapi?"

"Leo hatuna mizigo. Tunakwenda na kurudi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyenong'onezwa siri.

Afisa aliyewapokea alikuwa binti wa umri wa kuwa mtoto wao. Feni ilizunguka juu yake bila kumpepea mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bomba la jikoni halikusumbui?"

"Linanisumbua kweli!" Binti akacheka. Akamuuliza jina, Fundi akalitaja lote bila kusita, akaongeza la baba yake na kazi aliyoifanya. Bi Fundi alianza kupumua.

"Kwa sasa unaishi wapi, baba?"

Fundi alitazama mikono ya suti yake. Akaipapasa kola. Akatabasamu.

"Siishi huku, mwanangu. Napita tu."

"Anatania huyu," Bi Fundi akadakia. "Tunakaa kule nyuma ya soko, yeye mwenyewe —"

"Samahani, mama. Ajibu mwenyewe." Binti aliinama mbele. "Unasafiri, baba?"

"Huoni nilivyovaa? Suti hii si ya kushindia nyumbani. Nakwenda kwetu. Mama ananisubiri."

"Na huyu uliyekuja naye?"

Fundi alimtazama mkewe kwa upole mwingi. "Huyu ananisindikiza. Mtu mwema sana. Amenyoa ndevu zangu vizuri, tazama."

Bi Fundi alijaribu kumshika goti, amrudishe kwenye povu na kiwembe, kwenye majibu aliyoyajua jana. Goti lilikuwa pale. Majibu hayakuwepo.

Afisa aliweka kalamu chini. "Mama, siwezi kuandika alichokikataa. Mkaguzi akimwita kesho akamuuliza, itakuwaje? Mna ndugu raia wa hapa, wa damu, wa kusimama kama mlezi wake?"

"Hatuna. Yupo mwenye nyumba wetu, ni zaidi ya ndugu."

"Sheria inataka damu." Binti alisema hivyo akiangalia meza. "Natamani ningekuwa mtoto wenu."

"Hata mimi," Bi Fundi alisema, naye hakuwa anatania.

"Nitawaombea muda hadi mwisho wa mwezi ujao. Nitaandika barua, nitampigia mkuu wangu magoti ikibidi. Ikishindikana, mtarudishwa kwenu."

"Kwetu wapi, mwanangu? Hatuna hata chumba."



"Umesikia?" Fundi alikuwa ameshasimama, uso unang'aa, anampa afisa mkono. "Tunarudi nyumbani! Mungu akubariki, binti yangu." Katika ofisi ile nzima, ni yeye peke yake aliyekuwa na furaha.

Mama mwenye nyumba aliwaona wakiingia getini, akasoma uso wa Bi Fundi, wala hakuuliza. "Kesho nakwenda mimi," alisema. "Nitapiga kelele mpaka wanisikie."

"Nenda, shoga."

Wote wawili walijua wangemsikiliza, wampe maji ya kunywa, na kumsindikiza hadi mlangoni.

Chumbani Fundi alikuwa amelivuta begi uvunguni, anatupia nguo humo bila mpango. Bi Fundi alisimama akimtazama. Alifikiria kumzuia. Akafikiria angemwambia nini baada ya kumzuia. Akaketi kitandani, akachukua shati la kwanza, akaanza kulikunja.

"Una mkono mwepesi," Fundi alimsifu. Kisha akatulia, jambo limemtatiza. "Na wewe utalala wapi tukifika?"

"Sijui."

"Usiwe na wasiwasi. Nitamwambia mama akutandikie. Nyumba ni ndogo lakini hakatai mtu."

"Ahsante," alisema Bi Fundi, akachukua shati jingine.